Gari la Kibokoni si Gari la Nairobi

Kiswahili hakikuhangaika kuunda jina jipya la duara linaloshikwa na dereva. Neno "gari" lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, "dereva" na "breki" yakatoka kwa Waingereza, lakini usukani ulikuwepo tayari, umefungwa tezini mwa majahazi yaliyotia nanga Bandari ya Kale ya Mombasa, na kilichofanyika ni kuuhamisha tu kutoka majini hadi barabarani. Uhamisho huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu nahodha aliyeshika kana, yaani mkono wa kuelekezea usukani wa chombo, hakuhitaji kipimo chochote ili ajue chombo kimelemea upande gani au mkondo unavuta wapi, bali habari zote hizo zilimfikia kiganjani. Raha ya kuendesha gari, ambayo ni nusu ya mada ya makala haya, ni habari hiyo hiyo ya kiganjani: tairi za mbele zinapoanza kuteleza, bodi inapoinama kwenye kona, injini inapoitikia mguu bila kusitasita, dereva hujua kabla hajaambiwa. Kampuni ya Mazda ya Japani hulieleza jambo hili kwa msemo wa jinba ittai, wenye maana ya farasi na mpandaji wake kuwa mwili mmoja, na msomaji wa Mji wa Kale anaweza kuweka jahazi na nahodha mahali pa farasi na maana isipungue.

Nusu ya pili ni mafuta. Wanunuzi wengi hudhani kwamba viwili hivi hugombana, kwamba gari linalofurahisha lazima liwe mlafi wa petroli na gari linalobana petroli lazima liwe zito la kuitikia kama punda aliyechoka. Hoja inayotetewa hapa ni kinyume chake: kwa mkaazi wa kisiwa cha Mombasa, na hasa wa mtaa wa Kibokoni katika Mji wa Kale, raha na ubanaji wa mafuta hutoka katika chanzo kimoja, nacho ni wepesi wa gari, na wengi hukikosa chanzo hicho kwa kuwa hununua gari la pwani kwa ushauri uliotungwa Nairobi.

Gari linaloitwa krosova ni lile lenye sura ya gari la nyika lakini lililojengwa juu ya mifupa ya gari dogo la mjini. Magari ya kale ya nyika, kama Land Cruiser, yana fremu ya chuma inayojitegemea na bodi iliyopandishwa juu yake, kama sanduku juu ya mkokoteni. Krosova haina fremu hiyo, kwani bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote, na ndiyo maana huwa nyepesi na tulivu zaidi. Toyota RAV4, iliyoingia sokoni mwaka 1994, ndiyo hutajwa mara kwa mara kuwa mama wa aina hii, ingawa watoto wake wameendelea kupungua kimo. Honda Vezel, iliyotoka Desemba 2013, imejengwa juu ya mifupa ya Fit. Mazda CX-3 ya mwaka 2015 ni Demio iliyonyanyuliwa. Nissan Juke ya 2010 ni ndugu wa magari madogo ya kampuni hiyo. Toyota C-HR ya mwishoni mwa 2016 inachangia msingi na Prius. Na Toyota Raize ya Novemba 2019 hutengenezwa na Daihatsu, kampuni iliyobobea katika magari madogo. Nafasi iliyopo kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya gari ni milimita 185 kwa Raize, lakini kwa C-HR ya haibridi ni 140 tu, sawa na saluni ya kawaida, kwa hiyo anayelinunua kwa ajili ya mashimo amenunua sura.

Wanunuzi wa Kenya hawachagui kutoka katika kila kinachotengenezwa duniani, bali katika kile ambacho sheria inaruhusu kishuke bandarini Kilindini. Gari lililotumika halipaswi kuzidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani wake sharti uwe upande wa kulia, masharti ambayo kwa pamoja huifanya Japani kuwa ghala la nchi nzima. Juu ya hayo kuna ushuru wa bidhaa, ambao kwa gari lenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1500, zile ambazo watu huziita "sisi elfu moja na mia tano", umewekwa katika kiwango cha chini kuliko cha injini kubwa zaidi. Ujazo huo ni kipimo cha nafasi ambamo pistoni hupanda na kushuka. Mstari wa 1500 ndio uliolichora soko: Vezel na Juke zilizojaa mitaani zina injini zinazokaribia kabisa mstari huo bila kuuvuka, na haikutokea kwa bahati kwamba mnunuzi wa kwanza wa krosova huulizia hizo kwanza. Mstari huo una kioja chake pia, kwani C-HR ya petroli yenye injini ya 1200 hutozwa kiwango cha chini, ilhali C-HR ya haibridi, inayokunywa mafuta kidogo zaidi, ina injini ya 1800 na hutozwa kiwango cha juu.

Hapa ndipo Nairobi na Mombasa zinapoachana, na hapa ndipo penye kiini cha hoja. Injini huchoma mafuta kwa hewa, na hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda juu kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ina uzito pungufu kwa kiasi cha sehemu 17 katika kila 100, kwa hiyo injini ya kawaida, ile inayovuta hewa kwa pumzi zake yenyewe bila kusaidiwa, hupoteza karibu sehemu hiyo hiyo ya nguvu zake. Injini ya Vezel ya petroli ina nguvu za farasi 131 kwa hesabu ya kiwanda. Ikipanda Nairobi hubaki na kama 109. Aliye huko akisema kwamba "sisi elfu moja na mia tano" ni dhaifu, kwamba gari likiwa na watu watano na kiyoyozi kimewashwa linapanda mlima likilia, anasema kweli, ila anasema ukweli wa mahali pake. Injini ile ile ikiteremshwa hadi Kibokoni, ambako bahari iko mita chache tu chini ya vizingiti vya milango, hurudishiwa pumzi zake zote, pungufu ya kidogo kinacholiwa na joto. Injini yenye tabochaja, yaani feni inayozungushwa na moshi unaotoka ili kuisukumia injini hewa zaidi, huumia kidogo kwa kupanda mlima, na kwa sababu hiyo watu wa bara wana haki ya kuilipia. Mtu wa kisiwani anayelipia tabochaja analipia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Kuhusu mafuta, namba zinazobandikwa kwenye matangazo ya magari ya Japani zinahitaji kusomwa kwa jicho la pwani. Nyingi zilitokana na kipimo kiitwacho JC08, ambapo gari lilikimbizwa juu ya magurudumu ya maabara kwa dakika zipatazo 20, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 24.4 kwa saa, kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Kwa kipimo hicho C-HR ya haibridi ilipata kilomita 30.2 kwa lita, Vezel ya haibridi 27.0 na Juke ya 1500 kilomita 18.0. Mwendo wa wastani wenyewe haukosi kufanana na wa Barabara ya Digo saa za jioni. Kinachokosekana ni kiyoyozi, ambacho Mombasa, katika Machi ya joto na unyevu, hakizimwi kuanzia mlango unapofungwa hadi unapofunguliwa. Injini inayonguruma bure kwenye foleni huku ikizungusha kiyoyozi hukaribia kunywa lita moja kwa saa, na lita hiyo haisogezi gari hata hatua moja.

Ndiyo maana haibridi, gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazopokezana kazi, lina hoja yenye nguvu mjini kuliko barabara kuu. Kwenye foleni ya kuelekea Daraja la Nyali injini yake huzimika, kiyoyozi kikaendelea kwa umeme wa betri, na injini ikaamka tu betri inapopungua. Nguvu ambayo breki za kawaida huigeuza joto na kuipoteza, haibridi huirudisha betrini, na mji wenye matuta mengi na tuktuk zinazojitokeza bila taarifa ni mji wa kukanyaga breki kutwa nzima. Jambo ambalo wauzaji hulipita haraka ni kwamba betri hizo hazipendi joto, na nyingi hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia tundu dogo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likiziba kwa vumbi, au likifunikwa na mfuko wa vitu vya sokoni, betri huchemka na umri wake hukatika. Fundi anayelijua hilo hulisafisha kwa brashi na dakika kumi. Asiyelijua humwandikia mteja betri mpya.

Haibridi zote hazifanani. Ile ya Toyota haina gia za kawaida, huunganisha injini na mota kwa seti ya magurudumu yenye meno yanayozungukana, na imethibitisha uvumilivu wake kwa miaka mingi katika Prius. Vezel ya kwanza ilitumia giaboksi ya gia 7 yenye klachi mbili, ambayo hubadilisha gia kwa wepesi wa kupendeza na kuipa Vezel uhai ambao C-HR haina, lakini Honda yenyewe iliyaita magari hayo karakana zaidi ya mara moja mwaka 2014 ili kurekebisha programu inayoziongoza klachi. Giaboksi ya klachi isiyopenda kutambaa ni mshirika mgumu katika mji wa kutambaa.

Dizeli inahitaji maneno makali zaidi. Kwa karatasi, CX-3 ya dizeli ya 1500 ni jibu la maswali yote: msokoto wa Nm 270, yaani nguvu ya kuzungusha inayozidi mara moja na nusu ile ya Vezel ya petroli, na kilomita 23.0 kwa lita kwa kipimo cha JC08 ikiwa na giaboksi ya otomatiki. Atakayeipeleka Nairobi, kilomita zisizopungua 480 za kupanda kupitia Mariakani, Voi na Mtito Andei, atakuwa na gari tamu kuliko yote yaliyotajwa hapa. Lakini ndani ya bomba lake la moshi mna chujio la masizi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi pale tu moshi unapokuwa moto sana kwa muda wa kutosha. Safari ya Kibokoni hadi Marikiti na kurudi haiupi moshi joto hilo. Masizi hujaa, taa huwaka kwenye dashibodi, gari hupunguza nguvu, na mwenye nalo huambiwa alipeleke kulikimbiza barabara ya Malindi kwa nusu saa, kana kwamba ni mbwa wa kutembezwa. Isitoshe, injini hiyo ilitengenezewa dizeli ya Japani yenye salfa isiyozidi sehemu 10 katika milioni, ilhali kiwango kilichowekwa Kenya mwaka 2015 ni 50. Kwa mtu wa kisiwani, dizeli ndogo ni akiba ya makaratasi.

Suala la ukubwa halipewi nafasi katika majarida ya magari, nalo Mji wa Kale haliachi lipite. Ndia Kuu, ambayo katika Kimvita maana yake ni barabara kuu, iliitwa hivyo kwa kipimo cha watu, punda na mahamali, na hata reli nyembamba za vigari vya kusukumwa kwa mikono, ambavyo maofisa na matajiri wa Mombasa walivitumia hadi mapema miaka ya 1920, zilitosha kupita humo kwa kuwa vigari vyenyewe vilikuwa na upana wa benchi la watu wawili. Krosova ikiingia katika mitaa hii huanza kwa kukunja vioo vyake vya pembeni. Kushoto kuna baraza la mawe lililolainishwa na makalio ya vizazi vingi, kulia kuna mkokoteni wa madumu ya maji uliosimamishwa kwa muda usiojulikana, na katikati vitambuzi vya bampa vinalia mfululizo, mlio mmoja usiokatika, kwa kuwa kwa akili ya gari kila upande ni ajali. Dereva mwenyeji havisikilizi. Anamtazama mzee aliyekaa barazani, ambaye anaendelea kunywa kahawa yake na kwa kidole kimoja anamwonyesha: njoo, njoo, hapo, basi.

Katika hali hiyo milimita zina thamani ya fedha. C-HR ina upana wa milimita 1,795, Vezel 1,770, CX-3 na Juke 1,765 kila moja, na Raize 1,695. Namba ya mwisho haikuja hivi hivi. Sheria za Japani hazilihesabu gari kuwa dogo iwapo upana wake unazidi milimita 1,700, na Wajapani wana vichochoro vyao vinavyowafanya wautunze mpaka huo, hivyo gari lililobuniwa kwa mitaa iliyosongamana ya Osaka hujikuta limebuniwa pia kwa Kibokoni. Raize hugeuka ndani ya duara lenye rediasi ya mita 5 au pungufu kidogo, na urefu wake haufiki mita 4. C-HR, pamoja na usukani wake mzuri, ina dirisha la nyuma finyu na nguzo nene za pembeni zinazomziba dereva macho anaporudi kinyumenyume, na katika mtaa ambamo watoto wa madrasa hutoka mbio bila kutazama, kasoro hiyo si ya urembo.

Hata hivyo lazima C-HR ipewe haki yake. Mhandisi mkuu wake, Hiroyuki Koba, ni mtu wa mashindano ya magari, na gari lilipelekwa kwenye mbio za saa 24 za Nürburgring nchini Ujerumani mwaka 2016 hata kabla halijaanza kuuzwa. Nyuma lina springi zinazofanya kazi kila gurudumu kivyake, wakati Vezel, Juke, CX-3 na Raize zinazoendeshwa kwa magurudumu mawili tu zina mhimili mmoja unaounganisha pande zote mbili, hivyo gurudumu moja likiingia shimoni lenzake husikia. Matokeo ni kwamba katika kona ndefu za barabara ya Malindi C-HR hutulia kama gari la bei mara mbili yake. Kinachoipunguzia raha ni uzito, kilo 1,440 kwa haibridi dhidi ya kilo zisizofika 1,100 za Raize, na mngurumo wa injini inayopanda sauti bila gari kupanda mwendo. Mngurumo huo pia ni wa giaboksi aina ya CVT iliyomo katika Juke na Raize, ambayo badala ya gia hutumia mkanda na puli mbili zinazobadilika unene. Hubana mafuta vizuri, lakini mguu na sauti huwa hazisemezani. Juke hujitetea kwa ucheshi wa kona fupi, kisha huupoteza utetezi wote pale watu wazima watatu wanapoketi nyuma.

Usukani unaozungumza kuliko yote ni wa CX-3. Tangu mwishoni mwa 2016 Mazda iliweka mfumo unaopunguza nguvu ya injini kwa kiasi kidogo mno kila dereva anapoanza kukata kona, ili uzito usogee mbele na tairi zishike ardhi, na abiria hawahisi chochote isipokuwa shingo zao kutulia. Giaboksi yake ni ya gia 6 za kweli. Tatizo lilikuwa injini: dizeli iliyokwisha kusemwa, au petroli ya 2000 iliyoongezwa mwaka 2017 na inayovuka mstari wa ushuru. Mwaka 2020 Mazda ikaongeza petroli ya 1500 yenye nguvu za farasi 111, isiyo na tabochaja, chujio la masizi wala betri kubwa. Huko bara litaitwa gari bovu la kupanda mlima, na hakuna atakayeweza kubisha. Huku chini, mahali ambapo mlima wa kutisha ni ule wa daraja, hilo ndilo ambalo makala haya yangelichagua kwa mtu anayependa kuendesha, na Raize kwa mtu ambaye nyumba yake iko ndani kabisa ya Mji wa Kale.

Hesabu ya haibridi nayo ifanywe kwa kilomita za kisiwani. Ikichukuliwa kwamba lita ni shilingi 180, na kwamba gari moja linakwenda kilomita 12 kwa lita na jingine 18, tofauti kwa mwaka wa kilomita 12,000 inakaribia shilingi 60,000. Lakini kisiwa chote hakifiki kilomita 20 za mraba. Mtu anayefanya kazi Mwembe Tayari na kulala Kibokoni huenda asizidishe kilomita 6,000, na akiba yake hushuka hadi 30,000, fedha ambayo haifidii upesi tofauti ya bei ya kununulia. Dereva wa teksi ya simu, anayekata maelfu ya kilomita kila mwezi kati ya Nyali, Bamburi na uwanja wa ndege wa Moi International, ana hesabu nyingine kabisa, na kwake haibridi hujilipa. Bei zenyewe za mafuta hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, tarehe 14 ya kila mwezi, na Mombasa kwa kawaida huuziwa kwa shilingi chache pungufu kuliko miji ya bara, kwa kuwa mafuta hushuka Kipevu na hayajabeba bado gharama ya bomba wala lori. Hata hiyo ni sababu nyingine ya kutoazima hesabu za watu wa juu.

Limebaki jambo la chini ya gari, ambako wanunuzi hawainami. Magari yanayotoka kaskazini mwa Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, hufika na kutu changa kwenye mabomba na viungo, na upepo wa kaskazi wa Mombasa huikuta na kuilea.

Anayenunua kwa kawaida hujaribu gari kwa kulizungusha Barabara ya Mama Ngina, pana na tupu asubuhi, upepo wa bahari ukiingia dirishani, na kila gari huwa zuri hapo. Wiki ya kwanza hulikunja vioo na kuliingiza hadi mlangoni, majirani walione. Baada ya mwezi hulilaza nje, karibu na Ngome ya Yesu, akafunga mlango, akausukuma kidogo kwa kiganja kuhakikisha, na kumalizia njia kwa miguu akipishana na mkokoteni.